Kutoka Sengerema hadi Heathrow: Umbali wa Anga na Muda Halisi wa Safari

Umbali wa anga kati ya Kiwanja cha Ndege cha Mwanza na kile cha Heathrow, London, ni takriban kilomita 6,770, na ndege kubwa ya abiria ingeweza kuumaliza kwa muda wa saa 9 hivi. Hata hivyo, msafiri anayetoka Sengerema kwenda London hutumia zaidi ya siku nzima njiani, na ndege zinazombeba huweza kuruka kilomita zinazokaribia 10,000 kabla hajafika. Tofauti hiyo kati ya hesabu ya ramani na hesabu ya safari ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa na simu yake kwamba London iko umbali wa saa 9 hupanga siku yake kwa kuitegemea namba hiyo, hununua tiketi zisizoungana vizuri, kisha hujikuta amekwama katikati ya safari huku ndege yake ya pili ikiwa imekwisha kuondoka. Makala haya yanaeleza namna umbali unavyopimwa, namna muda wa kuruka unavyokadiriwa, na namna mkazi wa Sengerema au wa eneo lolote la kandokando ya Ghuba ya Mwanza anavyoweza kujipangia safari ndefu bila kudanganywa na namba.

Programu za kukokotoa umbali kati ya viwanja viwili hutumia kanuni iitwayo duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Kwa sababu dunia ni tufe, mstari huo hauonekani umenyooka unapochorwa kwenye ramani ya ukutani, bali hujipinda kuelekea kaskazini au kusini, na anayetaka kuuona kwa macho yake atauona akichukua tufe la shuleni na kuvuta uzi kutoka kusini mwa Ziwa Viktoria hadi Uingereza. Ramani bapa hudanganya hasa katika vipimo vya mashariki na magharibi: nyuzi moja ya longitudo hapa Mwanza, karibu na ikweta, ni sawa na kilomita zipatazo 111, ilhali nyuzi hiyohiyo katika latitudo ya London ni kilomita 69 tu. Msomaji atambue pia kwamba baadhi ya programu hutoa jibu kwa maili, na kwamba maili ni za aina mbili, ile ya nchi kavu yenye kilomita 1.609 na ile ya baharini yenye kilomita 1.852 ambayo ndiyo marubani huitumia. Umbali uleule wa Mwanza na Heathrow huandikwa takriban 4,210 kwa maili ya kwanza na takriban 3,660 kwa ya pili. Ni busara vilevile kuandika alama za herufi tatu za kiwanja chenyewe badala ya jina la mji, yaani MWZ kwa Mwanza, DAR kwa Dar es Salaam na LHR kwa Heathrow, kwa kuwa London ina viwanja kadhaa, na tiketi ya Gatwick au Stansted humfikisha mtu mahali tofauti kabisa na alipopanga kupokelewa.

Umbali ukishajulikana, muda wa kuruka hukadiriwa kwa urahisi. Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 787, husafiri angani kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa, lakini kasi hiyo si ya safari nzima, kwa kuwa ndege hutumia muda kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Kanuni inayofaa kwa matumizi ya kawaida ni kugawanya kilomita kwa 800, kisha kuongeza nusu saa. Kwa kanuni hiyo, safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, ambayo kwa anga ni kilomita zipatazo 850, huchukua muda wa saa 1 na dakika 35 kwa ndege ya jeti, na jibu hilo haliko mbali na lile linaloandikwa kwenye tiketi. Ndege za pangaboi kama ATR 72, ambazo kasi yake ni karibu kilomita 500 kwa saa, huhitaji muda unaokaribia saa 2 kwa umbali huohuo, kwa hiyo aina ya ndege ni jambo la kuuliza kabla ya kununua tiketi.

Upepo nao una neno lake. Katika tabaka la anga ambamo ndege kubwa huruka, kati ya kilomita 9 na 12 juu ya ardhi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayokwenda mashariki husukumwa nayo wakati ile inayokwenda magharibi hupambana nayo. Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York, iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, ni mfano mzuri kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: umbali wake ni takriban kilomita 11,840 kwenda na kurudi vilevile, lakini kwenda New York ilipangiwa muda wa saa 15 na kurudi Nairobi saa 14. Msafiri asishangae basi akiona kwamba tiketi yake ya kurudi ina muda tofauti na ya kwenda, wala asidhani kuwa wakala amekosea.

Hayo yote ni hesabu ya ndege moja inayoruka bila kusimama, na ndege ya namna hiyo kutoka Mwanza kwenda London haipo. Njia ambayo wengi huipata kwa wakala hupitia Dar es Salaam kisha mji mmojawapo wa Ghuba ya Uajemi, tuseme Doha, na umbali wake ni kilomita 850 hadi Dar es Salaam, kilomita 3,820 kutoka hapo hadi Doha, na kilomita 5,240 kutoka Doha hadi Heathrow, jumla yake ikiwa kilomita 9,910. Kwa maneno mengine, abiria huyo huruka kilomita zaidi ya 3,100 ambazo mstari wa duara kuu hauzihitaji, na sehemu yake ya kwanza huelekea kusini mashariki wakati London iko kaskazini magharibi. Ajabu zaidi ni kwamba Entebbe, iliyo ng'ambo ya ziwa umbali wa kilomita 280 tu kutoka Mwanza, iko karibu kabisa na mstari ulionyooka wa kwenda London, kiasi kwamba anayepitia hapo haongezi hata kilomita 10 kwa jumla ya safari.

Kwa mfanyabiashara wa Sengerema anayekwenda China kununua bidhaa, hali ni kinyume chake. Mwanza na Guangzhou ziko umbali wa kilomita 9,135 kwa mstari wa duara kuu, na anayepitia Dar es Salaam na kupanda ndege ya moja kwa moja hadi Guangzhou huruka kilomita 850 na nyingine 8,710, yaani 9,560, ongezeko ambalo halifiki asilimia 5. Akitoka Dar es Salaam na kupitia Addis Ababa atafikia takriban kilomita 10,650, na akitoka hapo na kupitia Doha takriban 10,870. Kwa hiyo Dar es Salaam ni lango zuri kwa anayekwenda mashariki na ni mzunguko mrefu kwa anayekwenda Ulaya, na yeyote anayetoa ushauri wa safari bila kwanza kuuliza upande anaoelekea msafiri hajatoa ushauri wowote.

Mwanza haikuwa pembeni ya njia siku zote. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na kwa muda mji huu wa ziwani ulikuwa kituo cha mwisho cha njia ya anga ya Uingereza barani Afrika, mpaka njia hiyo iliporefushwa hadi Cape Town mwezi Januari 1932. Safari ilichukua takriban siku 10, kwa kuunganisha ndege za nchi kavu, garimoshi katika sehemu ya Ulaya, na ndege za kutua majini ambazo zilifuata Mto Nile na maziwa. Mwanzoni barua ndizo zilizofika Mwanza, kwa kuwa abiria walishushwa Khartoum. Inafaa jambo hili likumbukwe, kwani linaonyesha kuwa mahali kinapokuwa kituo kikuu cha ndege hapaamuliwi na jiografia peke yake. Ndege za siku hizo zilihitaji kutua mara nyingi, na ziwa lilikuwa kiwanja kilichokwisha kutengenezwa na maumbile. Ndege za leo huruka mbali bila kutua, kwa hiyo mashirika hukusanya abiria wa miji mingi katika kitovu kimoja, yaani kiwanja ambamo ndege ndogo huleta watu na ndege kubwa huwasambaza, na vitovu hivyo huwekwa penye abiria wengi na mtaji mkubwa.

Kutokana na mfumo huo wa vitovu, muda wa safari ndefu hutegemea viungo kuliko kilomita. Kiungo ni mahali popote msafiri anapotoka chombo kimoja na kuingia kingine, na jambo hili wakazi wa Sengerema wamelijua kwa uzoefu mrefu. Maji yanayotenganisha Busisi na Kigongo yana upana wa kilomita 3 hivi, lakini kwa miaka mingi kuyavuka kwa kivuko, pamoja na foleni ya magari na kusubiri zamu, kuliweza kumla mtu hadi muda wa saa 2, na wapo waliochelewa ndege kiwanjani Mwanza kwa sababu hiyo. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limeigeuza kazi hiyo kuwa ya dakika chache. Kilomita hazikupungua, ila kiungo kimeondolewa, na hilo limempunguzia msafiri wa Sengerema muda mwingi kuliko ndege yoyote yenye kasi zaidi ingeweza kumpunguzia.

Hesabu kamili ya safari, basi, ifanywe kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa mwenyeji, na kila kiungo kiandikwe kwa saa zake. Kwa mfano wa kukadiria, msafiri wa London anayepitia Dar es Salaam na Doha atenge muda wa saa 2 kutoka Sengerema mjini, kupita darajani na Usagara, kuvuka msongamano wa jiji na kufika kiwanjani Ilemela. Saa 2 za kujiandikisha na kukaguliwa. Saa 1 na dakika 35 za kuruka hadi Dar es Salaam. Saa 5 za kusubiri na kuhamia jengo la safari za kimataifa. Saa 5 na dakika 20 hadi Doha. Saa 3 za kusubiri hapo. Saa 7 na dakika 5 hadi Heathrow. Na saa 1 na nusu za uhamiaji, mizigo na forodha. Jumla ni saa 27 na nusu, na katika hizo, saa zinazotumiwa ndani ya ndege ni 14 tu. Anayetafuta kufupisha safari yake asihangaike na kasi ya ndege, atazame hizo saa 13 na nusu zilizobaki, kwa maana ndizo zinazotofautiana sana kati ya tiketi na tiketi.

Kiungo cha Dar es Salaam kinastahili uangalifu wa pekee. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kina majengo tofauti ya abiria, na Jengo la Tatu, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, ndilo linalohudumia safari za kimataifa, wakati safari nyingi za ndani zimekuwa zikitumia Jengo la Pili. Abiria anayetoka Mwanza asidhani kwamba atashuka ndege moja na kutembea hatua chache hadi nyingine, bali asome tiketi aone kila ndege inatumia jengo gani, na ajue kuwa kuhama kutoka jengo hadi jengo kunahitaji gari na ukaguzi mpya wa usalama. Pengo la saa 2 kati ya ndege ya ndani na ya kimataifa ni dogo mno kwa hali hiyo. Saa 4 ni kiasi cha kuridhisha, na saa 5 si uoga.

Jambo lililo zito kuliko yote katika ununuzi ni kama safari nzima imeandikwa kwenye tiketi moja au kwenye tiketi mbili zisizohusiana. Tiketi moja maana yake ni kwamba mashirika yanayombeba abiria yamekubaliana kumfikisha mwisho wa safari, hivyo ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni wajibu wao kumpangia nyingine, na kwa kawaida mzigo wake huandikwa jina la kituo cha mwisho tangu mwanzo. Anayenunua tiketi ya Mwanza hadi Dar es Salaam kwa shirika moja na ya Dar es Salaam hadi London kwa shirika lingine, pengine kwa sababu aliona bei ya pamoja imezidi kidogo, ndiye anayebeba hasara yote ya kuchelewa, na tiketi mpya ya masafa marefu iliyonunuliwa siku hiyohiyo huweza kugharimu kuliko tiketi nzima ya awali. Ikiwa hakuna njia nyingine ila tiketi mbili, aende Dar es Salaam siku moja kabla na kulala huko, kwani gharama ya chumba cha kulala ni ndogo sana ikilinganishwa na hasara hiyo. Mzigo nao upimwe kwa kiwango cha ndege ya ndani, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko cha ndege kubwa, la sivyo dagaa na zawadi za jamaa zitalipiwa kilo kwa kilo kabla safari haijaanza. Aulize pia mapema kama nchi ya kupitia inadai viza ya kupitia, ambayo ni kibali kinachohitajika na baadhi ya nchi hata kwa abiria asiyetoka nje ya kiwanja.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi zimewakosesha ndege watu wengi wenye akili timamu. Tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, na kila saa iliyoandikwa ni ya mahali husika, si ya nyumbani. Ndege iliyoandikwa kuondoka Dar es Salaam saa 02:40 Jumapili huondoka saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumapili, hivyo msafiri anatakiwa awe kiwanjani Jumamosi usiku, na anayekwenda Jumapili jioni atakuta imekwisha kuondoka tangu usiku uliopita. Kuhusu tofauti ya majira, Doha iko sawa na Tanzania, Guangzhou imetutangulia kwa saa 5 mwaka mzima, na London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tiketi ya mwezi Januari inayoonyesha kuondoka Doha saa 08:00 na kufika London saa 12:05 inaonekana kuwa safari ya saa 4, lakini ukiongeza saa 3 za tofauti utapata muda halisi wa saa 7 na dakika 5.

Hali ya hewa ya ziwa haina budi kuingizwa katika mpango. Upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani usiku na kukutana juu ya maji yenye joto, ndiyo maana radi na mvua kubwa za Ziwa Viktoria hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi, hasa katika masika ya Machi hadi Mei na katika vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo ndege ya alfajiri kutoka Mwanza inaweza kuchelewa, na anayetegemea ndege hiyo kuwahi safari ya kimataifa ya mchana huohuo ajiachie nafasi kubwa au achague ndege ya jana yake jioni.

Je, inafaa kwenda Entebbe kwa barabara ili kunyoosha njia? Kwa ramani jibu ni ndiyo, na mwezi Mei 2025 shirika la Uganda Airlines lilianzisha safari ya Entebbe hadi Gatwick, jambo lililoufanya mstari huo ulionyooka uwezekane kweli. Lakini barabara haivuki ziwa, bali hulizunguka kupitia Geita, Muleba, Bukoba na mpaka wa Mutukula, na hiyo ni safari ya siku nzima yenye ukaguzi wa mpakani, ambako kadi ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa. Muda uliookolewa angani hulipwa ardhini. Njia hiyo inamfaa kijana mwenye mzigo mdogo ambaye bei ndiyo inayomhangaisha. Mzee anayekwenda kumwona mwanawe, au mama mwenye mtoto mchanga, apitie Nairobi au kitovu kingine ambacho tiketi yake ni moja tangu Mwanza, hata kama kilomita zimezidi. Mzee huyo aombewe kiti cha magurudumu siku ya kununua tiketi, naye asimame na kunyoosha miguu kila baada ya muda katika safari inayozidi saa 4, kwa kuwa kukaa bila kujongea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Safari ya kurudi ipangwe kwa uangalifu uleule, kwani sheria ya forodha huubadilisha mfumo wa viungo. Kwa anayepitia Dar es Salaam, huko ndiko anakoingilia nchini, kwa hiyo abiria anayekwenda Mwanza atarajie kupita uhamiaji, kuchukua mizigo yake, kuipitisha forodha na kuikabidhi upya kwa ndege ya ndani, hata kama vibandiko vyake viliandikwa MWZ tangu London. Shughuli hiyo pamoja na kuhama jengo haipewi chini ya saa 3, na ndege ya kimataifa inayotua alasiri huweza kumkuta abiria akiwa amebakiwa na ndege moja tu ya kwenda Mwanza usiku huo, au asiwe na hata moja. Wakala aulizwe saa ya ndege ya mwisho kwa siku husika ya wiki, na akisema kwamba nafasi ni finyu, chumba cha kulala Dar es Salaam kiwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kununua tiketi.